Mizizi ya Dhana Mbaya Ndani Yetu

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani)



Mmetuomba tuzungumze nanyi juu ya chuki baina ya wenyeji na wageni katika vijiji vyetu hivi vya mpakani. Tulipoanza kuitayarisha mada hii tuliandika kurasa tatu juu ya makosa ya watu wengine: wanasiasa, mgambo, wafanyabiashara, vijana wasio na kazi. Tulipozisoma tena tukaona kwamba hatukuwa tumejitaja wenyewe hata mara moja. Tukazichana. Leo, basi, tunaanza na sisi wenyewe. Nasi tusemapo "sisi" hatukusudii kujificha katika wingi wa watu. Sisi tuliosimama mbele yenu ndio wa kwanza katika hesabu hiyo.

Dhana mbaya ni nini? Kwa maneno machache, ni kumkatia mtu shauri kabla ya kumsikiliza. Ni hukumu inayotolewa kabla ya kesi. Wala haihitaji hasira. Mtu aweza kuwa mpole, mwenye kusali, mwepesi wa kutoa sadaka, na papo hapo akawa nayo moyoni asijue, kama vile mtu asivyoisikia harufu ya nyumba yake mwenyewe.

YALIYOTUPATA SISI

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukihudumu katika parokia moja ya mkoa wa Kigoma, si mbali na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi. Parokia ilikuwa na shamba la mahindi na maharage, na kama ilivyo kawaida ya sehemu zile, palizi ilifanywa na vibarua waliotoka kambini kutafuta chochote cha kuongezea mgao wao wa chakula. Mmoja wao alifanya kazi kwetu misimu miwili. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, aliyejua kilimo kutushinda sisi. Alifika asubuhi na mapema, akaegemeza jembe lake ukutani, akasikiliza misa akiwa benchi la nyuma kabisa, kisha akaenda shambani.

Sisi tulimwita "Mrundi". Mpishi alimwita Mrundi, na watoto wa shule walimwita Mrundi. "Mrundi amekuja?" "Mpe Mrundi ugali wake." Wala hatukuona ubaya wowote katika kumwita hivyo.

Usiku mmoja betri ya umeme wa jua iliyowasha taa za kanisa iliibwa. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, tulitamka maneno ambayo tunayakumbuka mpaka leo. Tulisema kwamba tangu wageni wawe wengi katika eneo letu, hata nyumba ya Mungu haina usalama tena. Hatukumtaja mtu. Hatukuwa na ushahidi wowote. Tulisema kwa sauti ya upole, kisha tukaendelea na matangazo ya ndoa.

Jumatatu mgambo walimkamata yule kibarua shambani kwetu. Walimpiga. Hawakumkuta na betri, lakini hakuwa na kibali cha kutoka kambini, na hilo likatosha kumweka mahabusu. Tulipokwenda kituoni kumwombea, askari wa zamu alituuliza, "Padre, huyu mtu jina lake nani?" Tukashindwa kujibu. Misimu miwili mtu huyu alilima shamba letu, alisali katika kanisa letu, alikula chakula cha jikoni kwetu, nasi hatukujua jina lake. Tulilisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya polisi.

Betri ilionekana baada ya majuma matatu, kwa fundi wa redio sokoni. Aliyemwuzia alikuwa kijana wa hapo hapo kijijini, mwana wa familia inayoheshimika, mwanakwaya wetu. Wazee walikuja wakatusihi tusimharibie maisha. Wakasema ni utoto, ni makundi mabaya, ni shetani tu. Nasi tukakubali. Hatukutangaza lolote kanisani.

Hapo, ndugu zangu, ndipo dhana yetu ilipojionyesha waziwazi. Tulipodhani kwamba mwizi ni mgeni, tulisema "wageni". Tulipojua kwamba mwizi ni wetu, tulisema "kijana amepotoka". Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba Waha ni wezi, au kwamba wanakwaya ni wezi. Wa kwetu akikosa, kosa ni lake peke yake, nalo lina sababu. Wa kwao akikosa, kosa ni la wote, wala halitafutiwi sababu. Yeyote atakaye kujipima na aanzie hapa.

Yule kibarua alirudishwa kambini. Ilitupita karibu mwaka mzima kabla ya kupata ujasiri wa kusimama mahali pale pale na kuyakana maneno yetu mbele ya waamini. Tulipokwenda kambini kumtafuta tuliambiwa kwamba amekwisha rejea Burundi pamoja na kundi la wanaorudi kwao. Msamaha wake hatukuupata.

ILITOKA WAPI?

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi: maneno yale tulitoa wapi? Hatukuyafundishwa seminarini. Hakuna kitabu cha katekisimu kilichoyaandika. Hata hivyo, yalitoka kinywani bila kutafutwa, kama kitu kilichokuwa tayari mlangoni. Tumeona mizizi minne.

Mzizi wa kwanza ni nyumbani. Tulipokuwa wadogo, mtoto aliyekataa kuoga aliambiwa kwamba atafanana na Mrundi. Mtoto aliyezurura usiku alitishiwa kwamba Mrundi atamchukua. Mama zetu hawakuwa wabaya. Walitupenda, na walitumia maneno waliyoyakuta kwa mama zao. Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kabla hatujamwona Mrundi hata mmoja kwa macho, tayari tulikwisha kujua kwamba ni mchafu na kwamba ni wa kuogopwa. Tulipokuja kumwona, hatukumtazama yeye. Tulitazama lile tuliloambiwa.

Mzizi wa pili ni historia, hasa historia ya mpaka. Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Chumvi ya Uvinza iliwavuta watu wa pande zote tangu kale, na hapakuwa na aliyeulizwa hati ya kusafiria. Wakati wa Wajerumani, Burundi, Rwanda na bara letu la Tanganyika vilikuwa katika koloni moja. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wakubwa wa Ulaya waligawana koloni hilo: Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji akapewa Ruanda-Urundi. Mstari huo ulichorwa na watu wasiojua majina ya vijito vyetu. Lakini sisi, wajukuu wa waliogawanywa, tumeupokea mstari huo kana kwamba Mungu mwenyewe aliuchora siku ya uumbaji, na tumeuingiza hata moyoni.

Mzizi wa tatu ni hofu. Hapa tuseme kwa haki: hofu hii haikuzuka hewani tu. Tunakumbuka miaka baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, wakati maelfu kwa maelfu walipovuka mpaka, na pamoja nao zikavuka silaha. Tunakumbuka mabasi ya Kasulu na Kibondo yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Wako miongoni mwenu waliopoteza ndugu katika barabara zile. Hatuji hapa kuwaambia kwamba machozi yao ni ya uongo.

Lakini jeraha la kweli laweza kuzaa hukumu ya uongo. Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ni methali nzuri kwa mvuvi mwenye tenga moja la samaki waliokufa. Binadamu si samaki wa tenga. Wengi wa waliovuka mpaka walikuwa wakiwakimbia watu wenye bunduki, wala hawakuwa ndio wenye bunduki. Mama aliyefika ufukweni Kagunga mwaka 2015 na mtoto mgongoni, akalala kwenye mchanga kati ya wagonjwa wa kipindupindu, alikuwa na hofu kubwa kuliko yetu. Sisi tuliogopa kuibiwa. Yeye alikuwa amekwisha nyang'anywa vyote.

Mzizi wa nne hatupendi kuutaja, nao ni faida. Tuulizane: kibarua asiye na kibali tulimlipa kiasi gani? Tulimlipa chini ya mwenyeji, na wote tulijua sababu yake. Asingeweza kwenda kushtaki popote. Wako waliomlimisha mtu ekari nzima, na siku ya malipo wakamtishia kumwita mgambo. Ili moyo ukubali kumfanyia mtu hivyo, ni lazima kwanza uamini kwamba yeye ni pungufu, kwamba amezoea shida, kwamba hata hicho kidogo ni kingi kwake. Kwa hiyo dhana mbaya si ujinga tu. Mara nyingine ni hesabu. Twamdharau mtu kwanza, kisha twapata nafuu ya kutomlipa. Nasi wa parokia tulikuwemo: malipo ya palizi yetu yalikuwa yale yale ya wengine.

SISI TULIODHARAULIWA

Jambo linalotutia haya zaidi ni kwamba sisi Waha twaijua dharau kwa kuionja. Babu zetu walichukuliwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba, jina lililotokana na neno la Kiingereza la kutaja nambari, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa nambari. Mtu aliyekuwa na jina, ukoo na kijiji akageuka kuwa nambari katika daftari la msimamizi. Waliporudi walisimulia jinsi walivyochekwa kwa matamshi yao na kwa mavazi yao.

Nasi wenyewe, tulipokwenda kusoma mbali na kwetu, tulikuta wenzetu wakijua mengi juu ya watu wa Kigoma kabla ya kutujua sisi: kwamba sote ni wachawi, kwamba sote ni washamba. Ilikuwa mizaha, nasi tulicheka pamoja nao ili tusionekane wenye chuki. Usiku hatukucheka. Hata leo wako vijana wetu ambao, wakitafuta kitambulisho au kazi, huulizwa maswali asiyoulizwa mtu wa mkoa mwingine: "Wewe ni Mtanzania kweli? Babu yako alizikwa wapi?" Twachukia maswali hayo, na tuna haki ya kuyachukia.

Je, tulijifunza nini kutokana na uchungu huo? Ingekuwa vema kama ungetufundisha huruma. Kwa wengi wetu ulitufundisha kumtafuta mtu wa kumweka chini yetu. Kadiri watu walivyotuita Warundi, ndivyo tulivyozidi kumtukana Mrundi, ili ionekane wazi kwamba sisi si yeye. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Aidha, Watanzania tumezoea kujisifu kwamba hatuna ukabila. Sifa hiyo ina msingi. Mwalimu Nyerere alifanya kazi kubwa kutuunganisha, na mwaka 1983 alipewa tuzo ya Nansen kwa jinsi nchi yetu ilivyowapokea wakimbizi. Waliokimbia mauaji ya 1972 huko Burundi walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakafyeka misitu, wakalima mpaka wakajilisha wenyewe, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao na watoto wao walikuwa wamekubaliwa kuwa raia. Hiyo ni heshima ya taifa zima. Lakini sifa za taifa haziwezi kuwa ungamo la mtu mmoja mmoja. Tusikae kivulini mwa mti uliopandwa na wengine tukidhani kwamba sisi ndio tulioupanda.

NATANAELI NA JIRANI ZAKE

Mnamkumbuka Natanaeli. Filipo alipompa habari za Yesu wa Nazareti, jibu lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama mji ule unaweza kutoa kitu chochote chema. Twalisoma kila mwaka bila kujiuliza yeye alitoka wapi. Injili ya Yohane yatuambia mwishoni kwamba Natanaeli alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya. Kana na Nazareti ni majirani, wenye lafudhi moja, waliodharauliwa pamoja na watu wa Yerusalemu. Hakumdharau mgeni wa mbali. Alimdharau jirani.

Angalieni pia alivyotendewa. Filipo hakubishana naye wala hakumtolea hotuba juu ya uzuri wa Nazareti. Alimwita tu aende akajionee. Naye Bwana wetu hakumlipiza dharau yake. Alimsifu kwa unyofu wake. Natanaeli alikuwa mtu mwema mwenye dhana mbaya, na alipona kwa sababu alikubali kuinuka na kwenda kuona. Angebaki chini ya mtini wake, angebaki na dhana yake.

WALIOKATAA KUTENGWA

Tunataja jambo moja zaidi. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Waliwaamsha vijana, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana wakakataa kutengana. Arobaini waliuawa. Mfano ule haukuja kwa bahati. Walezi wao walikuwa wamewazoeza kuzungumza wazi, bila kuficha, juu ya yale yaliyokuwa yakiitesa nchi yao, na kusali na kula na kucheza pamoja.

Habari zile zilitufikia sisi tukiwa wanafunzi wa seminari ndogo upande huu wa mpaka, vijana wa umri wao. Tuliwaombea, na wengine tulilia. Juma hilo hilo, mezani, mizaha juu ya Warundi iliendelea kama kawaida, wala hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Tuliwaheshimu Warundi waliokufa, tukawacheka walio hai. Ndivyo dhana mbaya ilivyo. Yaweza kukaa nyumba moja na machozi ya kweli.

TUFANYE NINI?

Hatuna dawa ya siku moja. Mzizi uliokua miaka arobaini haung'oki kwa semina ya siku mbili. Tunapendekeza mambo manne ambayo kila jumuiya ndogo ndogo inaweza kuyaanza juma hili.

Kwanza, tuyajue majina. Kila mtu anayefanya kazi shambani au nyumbani kwetu na aitwe kwa jina lake. Ni jambo dogo, lakini ni vigumu kumpiga mtu unayemjua kwa jina.

Pili, tulipe haki. Kazi ile ile, malipo yale yale, awe mwenyeji au mgeni. Kamati ya Haki na Amani ianze kwa kukagua malipo ya parokia kabla ya kukagua ya waamini.

Tatu, tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto. Kitisho cha "Mrundi atakuchukua" kife katika kizazi hiki. Nanyi mnaoongoza ibada na kutoa matangazo, jifunzeni kwetu: neno moja linalosemwa kwa upole altareni laweza kuwa fimbo mkononi mwa mgambo siku ya pili.

Nne, tukikosa hadharani, tusahihishe hadharani, tena mapema. Tukichelewa, tutatubu mbele ya kiti kitupu.

Kabla ya kulala leo, kila mmoja na ajiulize maswali haya, kisha tuyajadili kesho katika vikundi:

1. Ni kundi gani la watu ambalo nilifundishwa kulidharau au kuliogopa kabla sijamjua hata mmoja wao? Nani alinifundisha?

2. Mtu wa kundi hilo akikosa, huwa nasema nini? Mtu wa kwetu akifanya kosa lile lile, huwa nasema nini?

3. Ninapata faida gani kwa wao kuwa chini?

4. Ni nani ninayekutana naye kila siku ambaye sijui jina lake?

Swali hilo la mwisho tumelitoa katika deni letu wenyewe. Sasa jina la yule kibarua tunalijua, na kila tuadhimishapo misa twalitaja kimya kimya katika nafasi ya kuwaombea walio hai. Hatulitaji hapa, kwa maana hakuturuhusu. Tunamwomba Mungu ampe shamba lake mwenyewe huko aliko, na atupe sisi macho ya kuwaona wale ambao bado wanaegemeza jembe ukutani kwetu.